Muhammad namba moja Uingereza, sawa, lakini namba moja katika wangapi?

Juzi baada ya sala ya alasiri tumekaa barazani hapa Langoni, Lamu, kahawa haijaletwa bado, simu ya jamaa mmoja ikalia, akasoma kimyakimya halafu akapaza sauti kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba, "Muhammad ndiyo jina namba moja la watoto Uingereza! Yaani nusu ya Waingereza sasa Waislamu!" Basi ikawa ndiyo hapo. Mmoja akapiga takbiri, mwingine aliyekuja na basi la asubuhi kutoka Malindi akasema hizo ni fowadi za uongo, na mzee mmoja ambaye siku zote hachangii isipokuwa kwenye bei ya samaki akauliza polepole, "Namba moja katika wangapi?" Hakujibiwa. Kahawa ikaja, maneno yakahamia kwa punda aliyepotea Mkomani.

Mimi swali la mzee nilienda nalo nyumbani, na ndilo nataka kulijibu hapa, manake kila mwaka hizi listi za majina zikitoka watu wanagombana kwa kitu ambacho hakijasemwa.

Habari yenyewe ni ya kweli. Ofisi ya takwimu ya taifa kule ilitoa majina ya watoto waliozaliwa 2023, upande wa wavulana akaongoza Muhammad, watoto 4,661, akafuatiwa na Noah, watoto 4,382. Watoto wa 2024 walipohesabiwa Muhammad akaongoza tena, safari hii 5,721. Hapo hakuna ubishi. Uongo ni ule mkia uliobandikwa nyuma, ule wa nusu ya Waingereza. (Na huyo Noah, ambaye kwetu sisi ni gari ya abiria, ndiye Nabii Nuhu mwenyewe. Kwa hiyo walioshindana pale juu ni mitume wawili, barazani wangejua hilo mapema nadhani presha ingeshuka.)

Sasa kuna maneno matatu watu wanayachanganya. Kuna idadi, yaani watoto wangapi wamepewa jina. Kuna nafasi, yaani jina limeshika namba ngapi ukilipanga na wenzake. Halafu kuna fungu, yaani katika kila watoto mia au elfu, wangapi wanalo. Magazeti yanapenda nafasi kwa sababu nafasi inasisimua kama ligi ya mpira. Lakini ukitaka kujua nchi inaendaje, shika fungu.

Chukua kapu la samaki mia limeshushwa kutoka mashuani. Ndani mna changu wawili, na wale 98 waliobaki kila mmoja ni wa aina yake, tafi mmoja, pono mmoja, tewa mmoja, nguru mmoja, hivyo hivyo mpaka mwisho (najua bahari haina aina zote hizo kwenye kapu moja, nivumilie). Nani namba moja? Changu. Je, kapu limejaa changu? Hapana, wapo wawili tu. Uingereza ndiyo kapu lile. Mwaka 2023 walizaliwa watoto wapatao 591,000, wavulana wakiwa zaidi kidogo ya nusu, sasa wapime wale Muhammad 4,661 humo uone, ni kama wavulana 15 katika kila elfu moja. Hata ukichukua 2024 walipoongezeka, bado hawafiki wawili katika kila mia. Na sensa yao ya 2021 iliwaonyesha Waislamu kuwa asilimia 6.5 ya watu wote wa England na Wales, siyo nusu wala robo.

Hapo mtu atauliza, sasa watu asilimia sita na nusu wanawezaje kutoa jina la kwanza? Hili swali ni zuri, na jibu lake Mkenya yeyote analijua bila kusoma takwimu kwa sababu sisi tunapiga kura. Chukua wadi yenye vijiji kumi. Kijiji kimoja wamekaa wakakubaliana, kura zote kwa mtu wao. Vijiji tisa vilivyobaki kila nyumba ina mgombea wake, huyu binamu, yule shemeji, mwingine mwalimu wa zamani, wanafika wagombea hamsini. Siku ya kuhesabu nani anapita? Yule wa kijiji kimoja, na wala hakupita kwa wingi wa watu wake, alipita kwa sababu wenzao waligawana.

Majina ni hivyo hivyo. Familia za Kiislamu Uingereza, awe Mpakistani, Mbangladeshi au Msomali, nyingi zina jina moja zinalolipenda kuliko mengine, tena kwa sababu ya dini, siyo ya fasheni. Na kuna desturi kwa watu wengi wenye asili ya Pakistan na Bangladesh kumwandika mtoto Muhammad kwanza halafu jina analoitwa nyumbani likafuata nyuma, sasa ofisi inahesabu lile la kwanza tu. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na wavulana watatu, wote Muhammad kwenye karatasi, na mama yao akiita Muhammad hakuna hata mmoja anayeitika. Wenzao Wazungu huku wametawanyika, huyu Arthur, huyu Leo, huyu Oscar, huyu Theo, kila mtu anataka mwanawe asifanane na wa jirani. Namba moja inakwambia kina nani wanakubaliana. Haikwambii kina nani ni wengi.

Na kuna kitu kingine kwenye ile fowadi, neno lenyewe Uingereza. Sisi kwa Kiswahili tukisema Uingereza tunabeba kisiwa chote, lakini ile listi ni ya England na Wales peke yake, Skotland wana ofisi yao na listi yao, na huko 2023 aliyeongoza kwa wavulana ni Luke.

Tuje kwenye spelingi, hapa nitakaa kidogo kwa sababu inanigusa nyumbani. Marehemu babu yetu aliitwa Athman. Wajukuu wanne wamepewa jina lake, wote ni somo zake, yaani wa jina moja naye. Nenda ukaangalie vyeti vya kuzaliwa, mmoja kaandikwa Athman, mmoja Othman, mmoja Uthman na yule aliyezaliwa bara kaandikwa Athumani, karani alivyosikia ndivyo alivyoandika na mwenye mtoto kwa furaha zake hakuangalia. Ukimwuliza mama mkubwa atakwambia tuna jina moja. Ukiiuliza kompyuta itakwambia mnayo manne, kila moja lina mtoto mmoja, hakuna hata moja maarufu.

Ofisi za takwimu zinahesabu kama kompyuta. Herufi kwa herufi. Muhammad ni jina moja, Mohammed ni lingine, Mohammad ni lingine tena. Mwaka ule wa 2023 Muhammad alikuwa wa kwanza, Mohammed akawa wa 28 na Mohammad wa 68, na miaka mingi kabla ya hapo kulikuwa na watu wakidai serikali inamficha Muhammad kwa kumkatakata vipande. Haikuwa kumficha, ndivyo wanavyohesabu kila jina, hata Sofia na Sophia wamewatenga, na Theo na Theodore wako mbalimbali ingawa ukoo ni mmoja. Ukijumlisha zile spelingi tatu za 2023, fungu lake bado halifiki wavulana watatu katika mia. Japani mambo ni magumu zaidi, herufi zile zile za jina zinaweza kusomwa namna zaidi ya moja, wazazi wakawa wanabuni matamshi ya ajabu, mpaka tangu Mei 2025 sheria inataka na matamshi yenyewe yasajiliwe.

Sasa nirudi kwenye fungu, kwa sababu ndipo penye hadithi kubwa ambayo vichwa vya habari vinaipita. Wamarekani wana hesabu ndefu sana, idara yao ya hifadhi ya jamii ina majina kuanzia waliozaliwa 1880, na jina likipewa watoto watano kwenda juu kwa mwaka linawekwa hadharani, chini ya hapo linafichwa kulinda siri ya mtu. Mwaka ule wa 1880 katika kila wavulana elfu moja, 81 walikuwa John. Kwa wasichana Mary zaidi ya 70 katika elfu. Ruka mpaka 2023, namba moja ni Liam, kashika usukani tangu 2017, na ukihesabu katika kila elfu unapata kama 11. Kumi na moja! Mfalme wa leo angekuwa raia wa kawaida tu enzi za John. Kwa hiyo mtu akikwambia jina fulani limetawala dunia, kumbuka kwamba kiti chenyewe cha utawala kimepungua, kilikuwa jamvi sasa ni kigoda.

Kwa nini kimepungua? Zamani jina lilikuwa la ukoo au la kanisa, ulilirithi kama ulivyorithi shamba, wala haikuwa kazi yako kuchagua. Ufaransa mpaka 1993 sheria iliyotoka mwaka 1803 ilikuwa inambana mzazi kwenye majina ya kalenda ya watakatifu na ya historia ya kale, ingawa miaka ya mwisho ilikuwa imelegezwa. Iceland wana kamati maalumu tangu 1991 inayopitisha majina mapya, lazima likubali sarufi yao na herufi zao, na hao watu wa barafu usiwaone mbali, wanaitana kama sisi, Jónsdóttir maana yake ni binti Jón, bin na binti zile zile, na hata kitabu chao cha simu kilipangwa kwa jina la mtu mwenyewe. Italia nayo (watu wa Malindi hapa mtanielewa, jinsi Waitaliano walivyojaa huko) sheria inakataza kumpa mtoto jina la baba yake ikiwa baba yu hai, wala la ndugu yake aliye hai. Yaani huu mtindo wetu wa Junior kila nyumba, kule karani anakurudisha.

Sasa sheria ikilegea na ukoo ukilegea, mzazi anabaki na uhuru, na mwenye uhuru anaangalia kushoto na kulia. Hapo ndipo watu wanaposema ni sinema, ni wasanii. Kuna ukweli lakini unapindishwa. Mfano unaotajwa sana ni Kevin wa Ufaransa. Mwaka 1991 lilikuwa jina namba moja kule, zaidi ya watoto 13,000, na watu wanasema ni ile sinema ya mtoto Kevin aliyesahauliwa nyumbani Krismasi, Home Alone, iliyotoka mwisho wa 1990. Angalia tarehe basi. Kevin alikuwa ameshaongoza Ufaransa tangu 1989, kabla sinema haijaonekana. Sinema ilipanda jahazi ambalo lilikuwa limeshatweka tanga. Mara nyingi ndivyo ilivyo, waandishi wa sinema nao ni watu wa zama zile zile, wanampa mhusika jina ambalo lishaanza kupendeza masikioni. Kuporomoka ndiko kunakopata sababu ya wazi zaidi, muulize Alexa. Mwaka 2015 Marekani wasichana zaidi ya 6,000 walipewa jina hilo, mwaka huo huo kile kidude cha kuzungumza cha Amazon, kinachoitika kwa jina hilo hilo la Alexa, kikaanza kuuzwa kwa wote, na baada ya hapo jina likawa linateremka tu, nani anataka mwanawe aitwe halafu spika ya sebuleni iitikie.

Kwetu Kenya nadhani wote tunaikumbuka Novemba 2008, hospitali za Nyanza wakazaliwa Barack Obama na Michelle Obama kibao. Hiyo ni furaha ya wiki, siyo trendi. Trendi ni kitu kinachopanda taratibu miaka kumi na kushuka miaka kumi, hata wenyewe hawajijui wamo ndani.

Na kuna majina ambayo huwezi kuyaweka kwenye ligi ukapata maana. Ghana, kwa Waakan, mtoto wa kiume wa Ijumaa ni Kofi, wa Jumamosi ni Kwame, basi ukihesabu majina hayo utapata karibu moja ya saba kila mmoja, utakuwa umehesabu kalenda. Wajaluo wana Otieno wa usiku na Okoth wa mvua, hapo umehesabu saa na hali ya hewa. Sisi wenyewe tuna Juma, Khamis, Mwanajuma, Chausiku, Rajab, Ramadhan. Hakuna mtu aliyesema "siku hizi Khamis inatrendi", ni kwamba alizaliwa Alhamisi basi.

Tena majina yanabadilika mtu akiwa hai. Jirani zetu Wagiriama wa huko Malindi, mtoto anamchukua babu yake halafu baba anafuata kwa "wa", Karisa wa Charo, Katana wa Kazungu, yanazunguka hivyo kizazi mpaka kizazi. Yule mama shujaa aliyewapinga Waingereza 1913, Mekatilili wa Menza, wengi wanadhani Mekatilili ndilo jina la kuzaliwa, kumbe alizaliwa Mnyazi, na Mekatilili ni mama wa Katilili. Daftari la vizazi lingekuwepo lingemwandika Mnyazi, na historia nzima inamjua kwa lingine.

Hapa Lamu, tukiuliza "ina lako nani?" kwa Kiamu chetu, tuko karibu na Marekani ya 1880 kuliko Marekani ya leo. Ingia darasa lolote la chuo (madrasa) la watu wazima wa rika langu, ita Mohamed, wanainuka watano, ita Ali wanne, ita Swaleh hapo ndiyo usiseme, mji uliozikwa Habib Swaleh na unaosoma Maulidi yake kila mwaka Riyadha utakosaje Swaleh. Fatma na Khadija vivyo hivyo. Wageni wanashangaa tunajuanaje. Tunajuana kwa sababu jina la kwanza kwetu ni mwanzo tu wa maneno, unaongeza la baba, likikwama unaongeza la babu, likikwama bado ndipo linakuja la utani, na hilo la utani ndilo litakalokuzika, mtu anafariki linatangazwa jina lake kamili msikitini watu wanaangaliana, mpaka mmoja aseme lile la utani, la baharini, ndipo vilio vinaanza. Skotland vijiji vya wavuvi vya pwani ya kaskazini mashariki walikuwa na mtindo huo huo kabisa, majina yalikuwa machache mno hadi kila mvuvi akabandikwa la utani, na likawa linaandikwa mpaka kwenye karatasi rasmi. Wavuvi ni wavuvi.

Halafu kuna ile adabu. Mke hamtaji mkwewe kwa jina, sasa mtoto akipewa jina la baba mkwe mama atamwitaje? Anamwita Babu. Ndiyo maana utaona kitoto cha miaka mitatu kinakimbizwa uchochoroni, "Babu, rudi uvae viatu!" Kwenye daftari ni Abubakar, na hakuna anayemwita hivyo mpaka aanze shule.

Lakini na huku kumeanza kutikisika. Binti ya dada yangu alijifungua, siku ya saba tukafanya akika, mama mkubwa keshajua ni zamu ya somo wa nani, binti akasema, "Bibi, naomba radhi, huyu ni Rayyan." Anataka jina zuri, la Kiislamu (ni ule mlango wa peponi wa wenye kufunga), fupi, linalotamkika na mzungu, na ambalo hakuna mwingine analo mtaani. Mama mkubwa akanyamaza, akauliza tu kama lina maana nzuri, akaambiwa, akasoma dua.

Sasa hayo matakwa manne ndiyo matakwa ya kila mama wa umri ule, kuanzia hapa mpaka Mombasa mpaka Birmingham. Wote wanakimbia umati, na wote wanakimbilia kichochoro kimoja. Mwalimu wa chuo cha watoto hapa nyuma ya nyumba aliniambia mwaka huu ana Rayyan watatu, Ayaan wawili na Mohamed mmoja. Wale Rayyan keshawatenganisha, yuko Rayyan wa Mkomani, Rayyan Meno, na wa kwetu, kwa sababu analia sana, anaitwa Rayyan Honi.